Mshenga Kati ya Bafa Wawili

Usiku wa jana niliota nimesimama mlangoni kwa Bi Mosi, Chumbageni, nimevaa kanzu yangu ya posa na kofia ya mkono, na mdomoni nina neno ambalo si langu.

Mpaka hapo haikuwa ndoto sana. Mimi, Mbaruku, ni mshenga. Mtu wa Tanga akitaka kuoa na hataki aibu, wazee wake hunituma nipeleke posa, nirudi na jibu, nipeleke tena, nirudi tena, mpaka siku ya pilau ambapo hakuna anayekumbuka kunipakulia. Ndoa nilizozipitisha ni nyingi na zote zimesimama, isipokuwa moja ya Pangani ambayo imeegemea. Siri yangu ni kwamba sifikishi neno kama nilivyopewa. Wanasema panya huuma na kupuliza. Mimi kuuma nawaachia wenye posa, nabaki na kupuliza.

Posa ya safari hii ilikuwa ya Hemedi, kijana wa Bi Mosi, anayetengeneza redio na kukodisha maspika ya harusini. Binti ni Zaituni wa Mzee Shekue. Yeye anafanya kazi maabara, anapima maji ya mji, kama yamechachuka, kama yamezidi magadi, kama yanafaa kunywewa na binadamu. Jana alasiri mzee wake alinipa jibu kwamba posa imekubaliwa. Nikaaga, nikavaa makubazi, na ndipo Zaituni aliponifuata barazani.

“Mjomba, na mimi nina neno langu,” alisema. “Mwambie Bi Mosi sitaacha kazi. Akitaka mkwe wa kukaa ndani, posa irudi. Tafadhali ulifikishe kama lilivyo.”

Bi Mosi alikwisha apa mbele ya ukoo mzima kwamba mke wa mwanawe atakaa nyumbani. Kwa hiyo njiani, kabla sijafika hata barabara kubwa, nilikuwa nimeshalitengeneza neno la Zaituni. Likawa hivi: “Suala la kazi, binti anasema atalifikiria.” Nililipenda. Nikalala nalo, nilipeleke asubuhi.

Katika ndoto napiga hodi. Mlango unafunguka, na ndani hakuna sebule ya Bi Mosi. Kuna meza ndefu nyeupe, mabomba ya maji, na vyombo vya kioo vya kila umbo. Juu ya meza imeketi chupa fupi, nene kiunoni, yenye kifuniko cha buluu. Nasema imeketi kwa sababu ilikuwa imekunja miguu.

“Karibu, mshenga,” inasema chupa. “Vua makubazi. Hapa tunapima.”

“Nani mwenzangu?”

“Mimi ni Bafa. Kila asubuhi kabla ya kazi, Zaituni hutumbukiza kipimo chake ndani yangu, kiseme saba, namba ya maji yasiyo chachu wala magadi. Kikisema jingine, mwongo ni kipimo. Mimi sibadiliki.”

“Hata kidogo?”

“Kidogo kisichosemwa mbele za watu.”

Nikajiona nimempata ndugu. Nikaiuliza inafanyaje, maana mimi mwenyewe nimeifanya kazi hiyo maisha yangu yote bila kuelezwa.

“Ndani yangu wanaishi wawili,” ikasema. “Mmoja ni tindikali, lakini tindikali mpole, uchachu wake hautoi mpaka aombwe. Wa pili ni mwenzake aliyekwisha toa wa kwake, amebaki na mikono mitupu. Ukinitia ndimu, mwenye mikono mitupu anaudaka ule uchachu na kuuweka. Ukinitia magadi, yule mpole anatoa uchachu wake, unayakata makali. Nje, maji ni yale yale. Watu wanapita wanasema, hapa pana utulivu.”

“Hiyo ndiyo kazi yangu,” nikasema. “Sikujua kama watu huisomea.”

“Ingia, basi.”

Naingia na kanzu yangu katika chombo kikubwa cha kioo. Maji yananifika kifuani, vuguvugu, mazuri. Chupa inamimina juisi ya choya, yale maua mekundu ya sharubati, mpaka maji yanakuwa ya zambarau. Inanieleza kwamba choya hana upendeleo: maji yakichacha atakuwa mwekundu, magadi yakizidi atageuka kijani. Nikasema sawa, hata mke wangu yuko hivyo.

Kushoto anaingia Bi Mosi na jagi la maji ya ndimu, nyuma yake dada zake, na dada zake ni wengi. Kulia anaingia Mzee Shekue peke yake, na bakuli la magadi.

“Waambie,” anasema Bi Mosi, “siku tuliyopeleka posa walituweka juani kama watu wa kupima viwanja.” Anamimina.

Inawaka kidogo vidoleni. Nadaka. “Wanawasalimu sana,” namwambia Mzee Shekue. Rangi ya maji haibadiliki.

“Na wewe waambie,” anasema Mzee Shekue, “kijana wao alipita mtaani kwangu na maspika juu ya gari, anapiga muziki, majirani wakaja kuniuliza kama nimeshinda uchaguzi.” Anamwaga bakuli lake.

“Wanawaombea heri,” namwambia Bi Mosi. Zambarau ile ile.

Wakaendelea. Ndimu kwa sababu ya chai iliyochelewa, magadi kwa sababu ya mtu aliyekaa bila kuvua kofia, ndimu tena, ndimu tena, maana kila dada alikuja na jagi lake. Mimi nadaka tu. Sitaki kujisifu, lakini hata chupa ilinipigia makofi, na mikono haina.

Kisha anakuja Zaituni, amevaa koti jeupe la kazini, ameshika kijiko kidogo.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, mwanangu.”

Anainamisha kijiko. Neno lake linadondoka majini, dogo, halina hata povu. Na mimi, kwa mazoea, nalimeza kabla halijafika chini. Zaituni anainama na kuchungulia kupitia kioo, upande huu, kisha upande ule.

“Mjomba, neno langu liko wapi?”

“Nimelidaka, mwanangu. Kwa ajili ya amani.”

“Halikuwa chachu.”

“Lingechacha mbele ya safari.”

“Halikuwa chachu wala magadi, mjomba. Lilikuwa langu.”

Nikatafuta kitu cha kupuliza, nikakosa. Nilishikwa na aibu, ile ya kweli, inayoanzia masikioni. Nimewaona mabinti wengi wakiolewa kwa maneno yangu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza la kwake nililiweka wapi.

Zaituni akaigeukia chupa. “Amebakiwa na kiasi gani?”

“Kiduchu,” inasema chupa. “Sikutaka kumwambia. Alikuwa anafurahi.”

“Kiduchu cha nini?” nauliza.

“Cha wenye mikono mitupu. Wote uliokuwa nao wameshajaa. Kila uchachu uliodaka umo humo humo ndani. Ulidhani unakwenda wapi?”

Sikuwahi kufikiri kwamba unakwenda mahali.

Wakati huo huo anapita mwanamke mmoja na mkoba, wala si wa upande huu wala wa upande ule, nadhani alikuwa anatafuta njia ya kutokea. Anatazama chombo changu na kusema kwa dharau, “Ndiyo kioo chenyewe hiki?” Katika kusema hivyo, linamdondoka tone moja tu la ndimu.

Majagi yote yale, na maji hayakushtuka. Tone moja la mpita njia, na choya akawa mwekundu kama pilipili. Nikasikia sauti inapiga kelele maabara nzima, “Juani kama wapima viwanja! Nimeshinda uchaguzi, mimi? Chai gani ile!” Sauti yenyewe ilikuwa yangu. Yote niliyoyadaka yalitoka kwa mkupuo, bila mpangilio, na mengine yalikuwa ya ndoa za zamani kabisa. Bi Mosi akamtazama Mzee Shekue. Mzee Shekue akalitazama bakuli lake.

“Fanya kitu!” naiambia chupa.

“Nifanye nini?” inajibu, na inafunga kifuniko chake vizuri. “Mimi niliumbwa ili vitu vibaki vilivyo. Mkitaka kitu kibadilike, niondoeni mezani.”

“Lakini hii ni harusi!”

“Na harusi ni nini, mzee, kama si mabadiliko?”

Kitako cha chombo kikachomoka, nikaanguka pamoja na maji.

Nikatua juu ya sakafu ya kijani, kavu, yenye njia za shaba zinazokwenda huku na kule. Pembeni kuna mapipa yaliyosimama wima, na vijumba vidogo vyenye milia ya rangi kiunoni. Harufu ni ya risasi ya kuchomelea. Nimo ndani ya amplifaya ya Hemedi. Niliitambua kwa mende aliyekufa kwenye kona, ambaye Hemedi kila siku anasema atamtoa.

Kinanijia kidude cheusi cha mraba, kile mafundi wanachokiita aisii, kinatembea kwa miguu minane, minne huku na minne kule, kwa mwendo wa mtu mwenye nyumba za kupangisha.

“Wewe ndiye mshenga?”

“Ndiye.”

“Nani aliyekufundisha kazi?”

“Chupa. Inaitwa Bafa.”

“Ala! Somo yangu yule. Mtu mwema, kazi yake kumeza. Mimi nami ni Bafa, lakini simezi.”

“Unafanya nini?”

“Naambiwa moja, nasema moja.”

“Halafu?”

“Basi.”

Nikamwambia, kwa heshima, kwamba kwetu hiyo si kazi, hiyo hata kasuku anaiweza. Aisii hakukasirika. Akanishika kanzu kwa mguu mmoja na kunigeuza.

Mwisho wa njia ya shaba kuna spika kubwa kama ukumbi, na ndani ya spika wameketi Bi Mosi na dada zake wote, wamejipanga, wameegemea. Mwanzo wa njia amesimama Zaituni na koti lake. Kati yao kuna waya mtupu.

“Sitaacha kazi,” anasema Zaituni.

Akina dada wanajiweka sawa vitini, na kwa kujiweka sawa tu, waya unavutika. Sauti inalegea. Nilimwona Zaituni mwenyewe anapungua, koti linampwaya, mikono inapotelea ndani ya mikono ya koti. Neno lilipofika spikani lilikuwa pumzi tu.

“Kasemaje?” anauliza dada mmoja.

“Hajasema kitu,” anajibu Bi Mosi. “Mtoto mwenyewe hana la kusema.”

“Umeona?” anasema aisii. “Sauti yake ni safi ila haina mabavu, na mzigo ule ni mzito. Ukiwaunganisha moja kwa moja, watamkausha. Hapo ndipo ninaposimama mimi. Upande wake nasikiliza tu, sichukui kitu, hata mate yake simezi. Upande wa mzigo natoa nguvu yote wanayoitaka. Neno ni lake. Nguvu si yake.”

“Nguvu ya nani, basi?”

“Yangu mwenyewe, kwenye umeme wangu.”

“Mimi sina umeme.”

“Jana umekula nini?”

“Bada la muhogo na dagaa.”

“Itatosha,” akasema. “Nipe kiti.”

“Kiti gani?”

“Kiganja, mzee. Cha kulia.”

Nikamnyooshea. Akapanda katikati ya kiganja, akajipanga, kisha akazamisha miguu yake yote minane kwa mpigo mmoja. Nikasema neno ambalo katika kazi yangu ya ushenga sijawahi kulifikisha popote.

“Simama katikati,” anasema.

Nasimama. Zaituni ananinong’oneza sikioni, na ajabu ni kwamba sikusikia uzito wowote. Yeye pia hakupungua hata kidogo. Koti likarudi kumwenea. Lakini upande wa spika akina dada walianza kuvuta, na aliyekuwa anavutwa sasa ni mimi, bega, mbavu, bada na dagaa. Nikafungua kinywa.

“Binti anasema atalifikiria.”

Kiganja kikawaka moto. Spika ikalia mluzi mkali mpaka mende aliyekufa akageuka upande wa pili.

“Hilo silo lililoingia,” anasema aisii.

“Nimelilainisha.”

“Nani kakuomba?”

“Ni desturi yetu.”

“Desturi yenu ni kubeba. Kulainisha umeongeza mwenyewe.”

Kutoka ndani ya spika Bi Mosi anaita, “Mbaruku! Mbona unatupigia mluzi, sisi mbuzi?”

“Bafa,” nasema kwa sauti ya chini, “huyu mama nikimwambia hivi atanichukia.”

“Si mnasema mjumbe hauawi?”

“Hauawi, ndiyo. Hakuna aliyesema hachukiwi.”

“Basi hilo ndilo linalokula umeme,” anasema aisii. “Kurudia neno ni rahisi. Kasuku anaweza, umesema mwenyewe. Kusimama mbele ya mzigo baada ya kulirudia, hapo ndipo dagaa wanapohitajika.”

Namtazama Zaituni. Ameweka mikono mifukoni mwa koti, ananingoja kama mtu anayengoja bomba lisilotoa maji. Hakuwa amekasirika. Angekasirika ningefurahi, maana hasira najua kuidaka. Nikavuta pumzi, nikakaza magoti, nikafungua kinywa mara ya pili.

Simu ikalia.

Ilikuwa asubuhi na jua limeshaingia dirishani. Mke wangu, Mwanakombo, alikuwa uani anachoma vitumbua. Nikapapasa chini ya mto, nikaishika simu kwa mkono wa kulia. Alikuwa Bi Mosi.

“Mshenga, umelalia jibu langu? Wamesemaje?”

“Posa imekubaliwa,” nikasema.

“Alhamdulillahi. Na habari ya kazi?”

Neno langu zuri lilikuwa pale pale nilipoliacha, limeshapigwa pasi, limekaa kwenye ncha ya ulimi. Nikalianza. Kiganja kilichoshika simu kikanichoma, katikati, kama mtu amekanyaga hapo.

“Zaituni anasema hivi,” nikasema. “Sitaacha kazi. Akitaka mkwe wa kukaa ndani, posa irudi.”

Nilisikia kuku wa Bi Mosi, nikasikia mtu anafagia uwanja wake. Nilihisi dagaa wote wa jana wananiishia tumboni. Niliogopa, nasema kweli. Niliwaza Hemedi atakavyonitazama, na Mzee Shekue, na watu wa Pangani watakavyocheka.

“Hivyo ndivyo alivyosema?” akauliza Bi Mosi. “Kwa maneno hayo?”

“Hayo hayo. Sikuongeza wala sikupunguza.”

“Ajabu,” akasema. “Tangu umeanza kuja kwangu, Mbaruku, unaniletea halua. Kila ukija, halua. Nikawa najiuliza, mwanamke gani huyu anayeolewa na hana neno hata moja? Nikasema, kama mwenyewe hajui pa kwenda, bora akae ndani nimtazame. Kumbe yupo.”

“Yupo,” nikasema.

“Sijakubali, usije ukanipelekea maneno huko. Mwambie aje mwenyewe. Aje na hayo mavipimo yake, anieleze maji haya tunayokunywa yana nini. Na hivi ndivyo nilivyosema, unasikia? Mfikishie hivi hivi.”

Akakata. Nilikaa kitandani nikiwa nimechoka kama mtu aliyepakua lori la mahindi, na sikuwa nimesema zaidi ya maneno machache. Mwanakombo akaingia na sahani ya vitumbua. Akaushika mkono wangu wa kulia ili animwagie maji ya kunawa, akaugeuza, akausogeza dirishani.

“Umefanya nini hapa?”

Katikati ya kiganja palikuwa na vitundu vyekundu, vidogo kama vya sindano. Safu mbili, vinne vinne, vimenyooka kama vimepigwa cherehani.

“Kunguni hao,” akasema Mwanakombo. “Leo godoro hili linatoka juani.”

Nilitaka kumwambia kwamba kunguni hawapangi mstari, na kwamba godoro halina kosa lolote. Kisha nikafikiria vitumbua vilikuwa bado vya moto na asubuhi ilikuwa imekaa vizuri. Hilo nikalimeza, nikanawa, na baada ya kula nikashika upande mmoja wa godoro, yeye akashika mwingine, tukalitoa uani.